Chafya Ndani ya Sanda

Fikirini Chande alipiga chafya ndani ya sanda saa nne na robo asubuhi, Jumanne tarehe 11 Agosti 1953, katika kaburi tulilolichimba nyuma ya mji wa Mikindani. Saa naijua kwa sababu niliiandika. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kuandika kila kipande cha filamu kilichopigwa: namba yake, urefu wake, kilichomo, na kama kinafaa. Mbele ya kipande namba 47 niliandika: "Hakifai. Maiti amepiga chafya."

Kikosi chetu kilikuwa cha watu watatu. Bwana Loftasi, Mwingereza mrefu mwenye tumbo bovu, aliongoza. Mpiga picha alikuwa kijana wa Kigoa kutoka Dar es Salaam. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule niliyeazimwa kwa miezi mitatu na sikurudishwa tena. Nilitafsiri, niliandika kumbukumbu, nilimsaidia Bwana Loftasi kukata na kuunga filamu, na nilisema maneno yanayosikika juu ya picha.

Serikali ilitaka filamu ya dakika kumi na nane kuhusu ndui. Hadithi yake ilikuwa fupi. Wachanjaji wanafika kijijini. Mtu mmoja anakubali kuchanjwa, jirani yake anakimbilia shambani. Ndui inaingia. Aliyekimbia anakufa na kuzikwa, aliyechanjwa anabaki na watoto wake.

Wa kufa tulimpata kwenye ujenzi wa gati la Mtwara, akibeba mawe. Bwana Loftasi alimchagua kwa ajili ya mashavu yake. Yalikuwa yamebonyea, na kamera huona ugonjwa mahali penye kivuli. Vipele tulivitengeneza kwa uji mzito wa muhogo, tukavidondosha usoni kimoja kimoja na kuviacha vikauke. Fikirini alikaa kimya saa nzima huku nikimdondoshea.

"Mwalimu," aliniuliza baadaye, "na mimi nitajiona?"

"Filamu ikirudi kutoka kusafishwa."

"Na kwetu Kitaya wataileta lini sinema hiyo? Mke wangu Hamisa haamini kwamba nimefanya kazi ya kulala mchana."

Nilimwambia kwamba gari la sinema huenda kila mahali penye njia.

Shehe wa mtaa alikataa mambo mawili. Aliye hai hasaliwi sala ya maiti, alisema, na jeneza la msikiti halitatoka. Mengine aliyaacha mikononi mwetu. Kwa hiyo tulimlipa seremala atutengenezee jeneza, na sala tukaiacha. Tulipiga picha migongo ya watu waliosimama safu, tukaihesabu kuwa sala. Wenzake Fikirini wa gatini walikuja kubeba. Walipokuwa wanamfunga sanda, mmoja alimwinamia.

"Fikirini, ukiulizwa kaburini na malaika Munkari na Nakiri, waambie sisi tuko kazini."

"Nitawaambia wawangoje mpaka gati liishe," alijibu. "Maana yake hawatawapata kabisa."

Walicheka. Bwana Loftasi aliniuliza wamesema nini, nikamtafsiria, akaandika. Kisha wakamteremsha. Wakati wa kumteremsha sanda ilisogea na mguu wake wa kushoto ukatoka, mguu usio na ukucha wa kidole gumba. Nilitaka turudie. Bwana Loftasi alikataa. Mguu ulikuwa mzuri kuliko chochote tulichokuwa tumekipanga, na hicho ndicho kipande namba 46.

Katika kipande namba 47 kamera ilikuwa ukingoni mwa kaburi, ikimtazama usoni, kitambaa kikiwa kimefunuliwa. Udongo wa kwanza ulipomwagwa pembeni, vumbi lilipanda. Akapiga chafya. Akainuka akakaa, sanda ikamwanguka hadi kifuani, akaitazama kamera, akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Watu wote kaburini walicheka. Bwana Loftasi alisema neno moja, kamera ikazimwa, na tukapiga tena. Mara ya pili maiti alitulia.

Vipande visivyofaa hutupwa. Hicho nilikitia katika kopo la tumbaku nikakiweka. Sikuwa na sababu ya kikazi. Kilikuwa na urefu wa futi nne na picha nane, yaani picha ndogo ndogo mia moja sitini na nane. Mashine hupitisha ishirini na nne kwa sekunde, kwa hiyo kilikuwa cha sekunde saba kamili.

Lazima nieleze majina. Watu tuliowatumia hawakuwa wachezaji wa mchezo, na Bwana Loftasi alikuwa amejifunza jambo moja kwa hasara: mtu kama huyo ukimwita kwa jina la kubuni, huchelewa kugeuka. Filamu ilikuwa adimu. Kwa hiyo kila mtu aliitwa kwa jina lake, wakati wa kupiga na hata katika maneno. Fikirini alikuwa Fikirini.

Na lazima nieleze sauti. Kabla ya mwaka huo filamu zetu zilikuwa bubu. Nilisafiri na gari la sinema, nikasimama kando ya pazia la picha na kipaza sauti, nikasimulia. Nilianza kama bibi yangu alivyoanza. "Paukwa?" Watu wakaitika, "Pakawa." Baada ya hapo waliweza kuniuliza lolote katikati ya picha nami nikawajibu. Huyu ng'ombe ni wa nani? Wa mkulima mmoja wa Masasi. Huyu mtoto amepona? Amepona, yuko shule. Huyu mzee amekufa kweli? Hapana, bibi, tulikula naye wali siku ile ile.

Mwezi wa Oktoba 1953 tulikwenda Dar es Salaam kurekodi. Sauti sasa ingechapwa kwenye filamu yenyewe, ukingoni, isafiri bila mimi. Nilisimama ndani ya chumba kilichobandikwa magodoro ukutani, nikaanza, "Paukwa?"

Bwana Loftasi aligonga kioo.

"Nani ataitika, Issa?"

"Wasikilizaji."

"Na mashine itawangoja?"

Haikuweza kungoja. Nikajaribu tena bila kungoja, nikauliza na kuitika mwenyewe, na sote wawili tulisikia kwamba ni upuuzi. Tukaliacha neno hilo. Badala yake Bwana Loftasi alitaka sentensi ya moja kwa moja, kwa kuwa filamu ya afya lazima isikike kama kweli. Nilisema: "Hii ni habari ya Fikirini Chande." Ilikuwa fupi. Zilibaki sekunde mbili kabla picha haijabadilika, na ukimya mwanzoni mwa filamu watu hudhani mashine imeharibika. Nikazijaza. "Hii ni habari ya Fikirini Chande, mtu wa Kitaya, bonde la Ruvuma." Maneno hayo sita ya mwisho hakuniambia mtu. Ni yangu.

Novemba Fikirini alijiandikisha kazi ya mashamba ya mkonge, akapanda meli kwenda Tanga. Hakujua kuandika.

Filamu ilifika Kitaya mwezi wa Juni 1954. Nilikuwa nimebaki Mtwara kwa kazi nyingine, kwa sababu sauti yangu ilikuwa imetosha. Aliyekwenda ni Mussa, dereva, mtu wa Tabora, ambaye hakuwapo Mikindani tulipopiga picha. Alijua gari, jenereta na swichi. Aliyoyaona alinieleza mwenyewe, nami sina sababu ya kuyatilia shaka.

Watu walikaa kimya kuanzia jina lilipotajwa. Mguu usio na ukucha ulipotokea, mwanamke mmoja alisimama katikati ya mkeka wa wanawake. Hakupiga kelele. Alisema, "Kidole kile nakijua, nimekikanda mimi," akakaa. Filamu ilipokwisha, wazee watatu na shehe wa kijiji walimwendea Mussa.

"Bwana, huyu amekufa kweli?"

Mussa aliwajibu alichokijua. "Mimi ni dereva, wazee wangu. Sauti inasema amekufa."

"Na sauti ni ya nani?"

"Ya serikali."

Watu wa Kitaya hawakuwa wajinga, na sitaki msomaji afikiri hivyo. Walikuwa na jina, ukoo, kijiji, uso, kidole, sanda, safu ya sala na kaburi. Walikuwa na mtu aliyekaa miezi kumi bila salamu. Walikuwa na gari lenye alama ya serikali, na sauti iliyoanza kwa kusema hii ni habari. Mimi ningeamini kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

Shehe Abdallah alitaka tarehe ya kifo ili ahesabu eda. Filamu haikuwa na tarehe. Akaihesabu kuanzia usiku ule. Hamisa alikaa ndani miezi minne na siku kumi, hakujipamba, hakuhudhuria harusi. Hitima ilisomwa. Mwezi wa Novemba, Omari, mdogo wake Fikirini, alimwoa, kwa ridhaa ya wazee wa pande zote mbili, ili nyumba ya marehemu isianguke.

Jambo jingine la kuandikwa ni hili. Katika wiki mbili baada ya sinema ile watu mia mbili na kumi na wawili wa Kitaya walichanjwa. Mwaka uliofuata ndui iliua watu kijiji cha Mahurunga. Kitaya haikuua hata mmoja.

Fikirini alikuja ofisini kwetu Chikongola, Mtwara, mwezi wa Juni 1955. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Mashavu yalikuwa yamejaa kidogo.

"Mwalimu Issa, hujambo? Mfu wako nimerudi."

Nilimwambia akae. Hakukaa.

"Nimetoka mkonge. Mwaka na miezi saba. Nimefika nyumbani juzi, watoto wakanikimbia wanaita ndondocha, ndondocha, kana kwamba mimi ni mfu aliyefufuliwa na wachawi. Nikadhani mzaha, nikawakimbiza kidogo nicheke nao. Kufika uani namkuta Omari amekaa kwenye kiti changu. Akasimama, akanipa kiti, akaanza kulia. Nikamwuliza, nani amefariki? Akasema, wewe."

"Na Hamisa?"

"Alikuwa jikoni. Ana mimba ya miezi sita."

Nilimwuliza shehe amesemaje. Alikuwa amelishika neno la shehe lote, kama mtu aliyelirudia njia nzima. Nikahi ya kwanza haijavunjika, kwa kuwa aliyehesabiwa amekufa hakufa. Hamisa atengwe na Omari, ajifungue, kisha arudi kwa Fikirini. Mtoto ni halali ya Omari, kwa kuwa waliingia katika ndoa kwa kosa lisilo lao.

"Basi shauri limekwisha," nilisema.

"La shehe limekwisha. La Hamisa bado. Hasemi na mimi, anapitisha maneno kwa mama yake mkubwa. Anasema alikuona kwa macho yake ukinizika."

"Mimi?"

"Sauti yako, Mwalimu. Anasema sasa anaambiwa aache aliyoyaona na kuyasikia, ashike neno langu mimi niliyempotea. Anasema labda nilimchoka, nikapatana na watu wa sinema wanizike ili asinitafute. Akiamini ulikuwa mchezo wa siku moja na sikujua, atarudi kwa moyo wake. Asipoamini atadai talaka, na mimi sifungi mtu kwa kamba. Nataka mke wangu. Nimekuja kwako kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa pale."

Niliwaza wenzake wa gatini. Ujenzi ulikuwa umekwisha na walikuwa wametawanyika. Yule Mgoa mpiga picha alikuwa Nairobi. Bwana Loftasi alikuwa Uingereza kwa likizo ya matibabu. Neno langu peke yake lingekuwa sauti ile ile iliyokwisha kusema uongo. Nikafungua kabati, nikatoa kopo la tumbaku.

"Ninayo chafya yako," nilimwambia.

Nilimwonyesha kwenye mwanga wa dirisha. Alicheka, mara ya kwanza tangu aingie. "Nilikuwa nimesahau. Jamani, vumbi lile." Kisha akaniuliza, "Akiiona hii, atasema nini tena?"

"Hatakuwa na la kusema. Ni ushahidi kamili."

Nilikuwa na hakika. Ninapoandika haya najitahidi kukumbuka kama palikuwa na shaka hata ndogo, na sikumbuki.

Kuunga kipande katika filamu yenye sauti si sawa na kuunga katika filamu bubu. Sauti haikai pembeni ya picha yake. Huitangulia kwa picha ishirini na sita, zaidi kidogo ya sekunde moja, kwa sababu ndani ya mashine taa ya picha na taa ya sauti ziko mbalimbali. Ukikata mahali ninaposema, neno moja litakatwa mdomoni na jingine litaangukia picha isiyo yake. Mahali pa haki pa chafya palikuwa kaburini, mara tu baada ya mguu. Lakini pale nilikuwa nikisema bila kupumua, kuanzia mguu hadi udongo. Mahali pekee pa karibu penye ukimya palikuwa baadaye, juu ya picha ya wanawake wanaolia.

Wanawake hao hawakumlilia Fikirini. Tuliwapiga picha siku tatu baada ya mazishi yetu, mtaa mwingine wa Mikindani, kwenye msiba wa kweli wa mzee mmoja. Bwana Loftasi aliisimamisha kamera mbali na kutumia lenzi ndefu, na hakuwauliza. Katika filamu walifuata baada ya kaburi, kwa hiyo walikuwa wajane na dada za Fikirini. Hapo nilikuwa nimenyamaza sekunde tisa. Bwana Loftasi alisema kwamba hapana neno la kuongeza.

Nikapaka gundi, nikaunga chafya mwisho wa kilio.

Tulifika Kitaya tarehe 9 Julai, mimi, Mussa na Fikirini. Fikirini alikuwa amenyoa na kuvaa kanzu ya kuazima. Omari alitupokea. Alikuwa mtu mpole mwenye mabega ya mpiga kasia, na alimwita kaka yake "kaka" kwa sauti ya chini kila mara, kana kwamba neno lenyewe lingeweza kuvunjika. Alikuwa amehamia kwa mjomba wake tangu siku ya pili baada ya kaka yake kurudi.

Baada ya sala ya isha Mussa aliwasha jenereta. Watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza. Hamisa alikaa mkeka ule ule, upande wa kushoto wa pazia, na mama yake mkubwa. Fikirini nilimsimamisha kando yangu, mwangani, wamwone. Nikashika kipaza sauti.

"Paukwa?"

Hakuna aliyeitika. Nilihesabu hadi sita. Mzee mmoja nyuma akasema, "Pakawa," kama anayesafisha koo, na wawili watatu wakamfuata.

Nilisema kwamba watakayoyaona ni hadithi iliyotengenezwa, kwamba mtu aliyezikwa ndani yake ni huyu hapa, na kwamba kosa la kutaja jina lake na kijiji chake ni langu. Kijana mmoja akasema, "Basi ungesema mwaka jana, Mwalimu, tusingekula ule wali wa hitima." Watu wakacheka kidogo. Mussa akaiachia mashine.

Sauti yangu ya Dar es Salaam ilisema hii ni habari ya Fikirini Chande, nami nilisimama pembeni yake nikiwa sina la kufanya. Vipele. Kitanda. Jeneza la seremala. Mguu. Udongo. Kisha sauti ikanyamaza, na wanawake wa Mikindani wakalia, vichwa vimeinama, mmoja akijipiga kifua.

Kisha Fikirini akapiga chafya. Kipande hakikuwa na sauti yoyote, ila mkwaruzo wa gundi ulipopita. Akainuka ndani ya sanda, akawatazama watu wa Kitaya, akacheka bila sauti, mdomo wazi, bega likitikisika, mpaka meno ya nyuma.

Watoto walishangilia. Vijana wakapiga makofi. "Kumbe sanda ina pilipili!" mtu akasema, na kicheko kikawa cha watu wote, kirefu, cha kufungua kifua. Fikirini kando yangu alicheka nao. Nilikuwa nimeridhika. Nilimtazama Hamisa ili nione ushahidi ukifanya kazi.

Hamisa alikuwa analitazama pazia, ambako wachanjaji walikuwa wamekwisha kurudi. Kisha akamgeukia Fikirini, aliyekuwa bado anacheka mwangani kwa meno yale yale. Akamsaidia mama yake mkubwa kusimama, wakaondoka.

Asubuhi aliitisha watu mwenyewe: shehe, Omari, Fikirini, mimi. Tulikaa barazani kwa mama yake mkubwa. Yeye alikaa ndani ya mlango, miguu amenyoosha kwa sababu ya mimba. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake.

"Shehe, nimeamini," alisema. "Ulikuwa mchezo. Fikirini ni hai na ni mume wangu. Hakuna shaka tena."

"Alhamdulillahi," alisema shehe.

"Sasa naomba talaka."

Fikirini alifungua mdomo. Shehe alimzuia kwa mkono. "Binti yangu, kwa sababu gani? Umesema umeamini."

"Nilipokuwa siamini, nilikuwa na mume mmoja niliyemlilia. Nilimlilia miezi minne na siku kumi, mpaka macho yakawa mabaya, mwulizeni mama mkubwa. Jana nimemwona. Sisi tunalia, yeye anainuka anacheka."

"Hamisa," Fikirini alisema, "mimi nilicheka vumbi."

"Nimekuona."

Niliomba ruhusa kusema. Nilimweleza kwa utaratibu. Chafya ilikuwa tarehe 11 Agosti. Wale wanawake ni wa tarehe 14, mtaa mwingine, msiba mwingine, Fikirini hakuwaona kamwe. Machozi yake yeye yalikuwa ya mwaka uliofuata, mumewe akiwa Tanga hana habari. Mambo matatu ya siku tatu tofauti, hayakupata kukutana popote isipokuwa kwenye filamu.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nani aliyeyakutanisha, Mwalimu?"

"Mimi."

"Kwa nini uliyapanga hivyo?"

Nikamweleza na hilo: taa mbili, picha ishirini na sita, mahali penye ukimya. Aliuliza swali moja la maana, kama nisingeweza kukata sauti yote. Nilisema ningeweza, sikufikiria. Alitikisa kichwa polepole.

"Nimekuelewa. Naweza kumweleza mtu mwingine ukitaka," alisema. "Lakini nimekwisha kuona. Nikifumba macho halinijii kaburi tena. Linanijia cheko. Nitalala naye vipi?"

Omari alikuwa anatazama chini. Hakuwa ameomba lolote, na sijui mpaka leo alitaka nini.

Kisha Fikirini akatoa talaka moja, kwa maneno yaliyo wazi, mbele ya shehe na mashahidi. Shehe alisema eda itakwisha kwa kujifungua, na baada ya hapo Omari akitaka afunge nikahi upya. Hamisa alisema, "Ahsante, Fikirini." Alijivuta ndani, mama yake mkubwa akarudishia mlango.

Fikirini alinifuata kwenye gari. Mussa alikuwa anazungusha filamu kuirudisha kwenye gurudumu lake.

"Kile kipande changu," alisema. "Kitoe unipe."

Niliketi kwenye ngazi ya gari na mkasi. Nilipokitoa alikishika mwenyewe, akakinyoosha kuelekea jua, akakifuata kwa kidole, picha moja moja. Alikuwa na macho makali.

"Hapa nimepiga chafya."

Niliangalia. "Picha ya thelathini na moja."

"Hapa nimeinuka. Hapa naangalia. Hapa bado." Kidole kikasogea. "Hapa ndipo ninaanza kucheka."

Nilihesabu. Ilikuwa picha ya sabini na tano.

"Mwalimu, ungeweza kukata hapa? Kabla sijacheka?"

"Ningeweza."

"Ingeonekana kwamba mimi ni hai?"

Sabini na nne kwa ishirini na nne ni sekunde tatu na kidogo. Mtu katika sanda anapiga chafya, anainuka, anatazama. Haihitaji zaidi.

"Ingeonekana," nilisema.

Alinirudishia kile kipande. "Basi kata."

Nikakata pale, kati ya sabini na nne na sabini na tano. Alichukua nusu ya kwanza, akaizungusha kwenye kidole, akaitia katika mfuko wa kanzu ya kuazima. Nusu ya pili aliiacha kwenye ngazi. Akaishika njia ya kwenda mtoni kwa miguu, upande wa kivuko cha Msumbiji, na hakuaga nyumba yoyote.

Niliandika Dar es Salaam kuomba jina na kijiji viondolewe kwenye sauti. Walinijibu kwa adabu kwamba nakala sita zilikuwa zimekwisha kusambazwa katika majimbo, na kwamba filamu hiyo ilikuwa imefanya kazi nzuri kuliko zote za mwaka wake. Yote mawili yalikuwa kweli.

Nusu ya pili ninayo, katika kopo lile lile. Ina picha tisini na nne.